Mngoni Aliyegoma Kutoka Kaburini

Mimi nauza saruji, nondo, misumari na rangi pale Kihesa, Iringa, na kwa miaka ishirini nimewaona mafundi wa kila namna. Wapo wanaopima ukuta kwa jicho moja huku jingine likimtazama muuza maandazi. Wapo wanaoazima pima maji, wanairudisha imevunjika, kisha wanakuuliza kwa nini unauza vitu vibovu. Tekla Komba sikuwahi kumpatia kundi. Siku ya kwanza aliingia dukani kutafuta mwiko wa kupigia lipu. Akaushika, akaugeuza, akagonga ncha yake kwenye kaunta, akasema, "Nasri, huu umetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kushika mwiko." Nikampa mwingine, akaugonga na huo. Aliondoka na wa nane, na bei alipanga yeye.

Tekla ni Mngoni wa Songea. Alikuja Iringa akimfuata mume aliyekuwa dereva wa malori. Mume akaendelea na safari, yeye akabaki. Alianza kazi ya ujenzi kwa kubeba zege kichwani, kazi ya saidia fundi, huku anawatazama mafundi wanavyotupa lipu ukutani. Alitazama miaka miwili. Siku moja fundi hakuja, Tekla akaushika mwiko, na jioni msimamizi alipopita na rula hakupata pa kuingiza hata kucha. Toka hapo hakubeba zege tena. Leo anapiga lipu kuliko wanaume wote ninaowauzia, na anawaambia hivyo bila kuulizwa.

Mdomo wake ni habari nyingine. Iringa ni nchi ya Wahehe, na Mngoni kwa Mhehe ni mtani, wala hahitaji ruhusa ya mtu kuanza uchokozi. Mbele ya duka langu alikuwa anakaa Bibi Apolonia, mama wa Kihehe aliyeuza maharage na viazi kwenye ndoo. Hakuhitaji kuuza, mtoto wake ana uwezo, ila alisema akikaa nyumbani atazeeka. Kila asubuhi Tekla akipita kwenda kazini lazima wakwaruzane.

"Kamwene, bibi. Mbwa wa jirani hajaonekana tangu jana. Nikuulize wewe?"

"Muulize babu yako. Alipotukimbia pale, mbwa ndiye aliyetangulia."

Mhehe hutaniwa kwa kula mbwa, na Mngoni kwa babu zake kukimbia vita vya Wahehe, basi hapo wateja wote wanacheka, biashara inasimama, na mimi nabaki nimeshika mizani. Walipendana sana wale wawili. Bibi alipoumwa, Tekla ndiye aliyemchemshia uji, na bibi akapona, akasema uji wa Wangoni ndio uliomtoa kitandani maana hakuweza kuvumilia kunywa wa pili.

Sasa, kulikuwa na hosteli. Mzee Muharami, mfanyabiashara wa Mbeya, alikuwa anajenga hosteli ya wanafunzi hapa Iringa, ghorofa tatu. Mkandarasi mkuu alikuwa Injinia Liberatus, na huyo ndiye mtoto wa Bibi Apolonia niliyemtaja. Liberatus naye, kama wanavyofanya wakubwa, akaigawa kazi. Umeme akampa huyu, mabomba yule, na lipu yote akampa mkandarasi mdogo aitwaye Saulo, mtu wa huko huko Mbeya, mwenye kofia nzuri na simu mbili. Saulo hakuwa na fundi hata mmoja. Akampigia Tekla. "Dada, niletee watu kumi na wanane. Hela ipo."

Tekla akawaleta. Aliwapigia mmoja mmoja, wengine aliwatoa kwenye kazi nyingine. Aliwaambia, "Njoo, mimi nipo." Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyomponza.

Wiki ya kwanza Saulo alilipa, tena kwa mbwembwe, akawanunulia na soda. Wiki ya pili akasema bosi hajatoa. Ya tatu, bosi amesafiri. Ya nne, bosi ametoa lakini benki wana tatizo la mtandao. Wiki ya tano lipu ikaisha, kuta zinang'aa, na Saulo naye akaisha. Simu zote mbili hazipatikani. Watu kumi na tisa wamefanya kazi wiki nne bure, na kwa hesabu ya chini ilikuwa milioni tisa na ushee.

Mnajua walikwenda kumdai nani? Si Saulo, hawakujua kwake. Si Liberatus, hawakumjua kabisa, walikuwa wanaliona gari lake tu. Walikwenda kwa Tekla, kwa sababu yeye ndiye aliyesema njoo, mimi nipo. Na aliyemtesa zaidi ni yule asiyesema kitu, fundi mmoja mpole aitwaye Zabron. Kila Jumamosi Zabron alikuja na mkeka, anautandika nje ya geti la Tekla, anakaa. Hadai, hagombi. Anakaa mpaka saa kumi jioni, anakunja mkeka, anaaga vizuri, anaondoka. Saa saba mchana Tekla anamletea ugali, anakula, anashukuru. Tekla aliniambia afadhali angetukanwa.

Aliuza nguruwe wake wawili akawagawia wenye watoto wadogo. Haikutosha popote. Ila kilichomuuma hakikuwa nguruwe. Alipita mtaani siku moja akasikia kijana anamwambia mwenzake, "Usiende na yule mama, utakula ukuta." Alikuja dukani akasimama kwenye kaunta, hakugonga kitu. "Nasri," akasema, "miaka kumi na tano nimejenga jina, limebomoka kwa wiki tano." Kama mafundi wasingemfuata tena, asingekuwa Tekla, angerudi kubeba zege.

Akaenda ofisini kwa Liberatus. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara anamwigiza injinia kwa kukunja miguu.

"Dada, pole," Liberatus alimwambia. "Mimi lipu nilimkabidhi Saulo. Saulo nimemlipa yote, risiti hizi hapa. Ninyi ni watu wa Saulo."

"Ukuta ni wa nani?"

"Wa Mzee Muharami."

"Hela ilipita kwa nani?"

"Kwangu, nikampa Saulo."

"Sasa wewe chako ni nini hapo katikati?"

"Changu ni usimamizi," akasema Liberatus, akasimama kumfungulia mlango. Ana adabu sana, hilo nalisema. Na hakusema uongo. Saulo alikuwa amelipwa kweli, senti zote.

Tekla akamfuata Saulo. Alisikia yuko Makongolosi, kule Chunya kwenye dhahabu, akapanda basi mpaka Mbeya, na kutoka Mbeya akaunganisha. Alimkuta ndani ya duara, yale mashimo wanayochimbia, tope limemfika kiunoni na ile kofia nzuri imegeuka ndoo ya kukingia maji. Hela za mafundi alikuwa amezifukia humo, kwenye pampu na magogo ya kuzuia udongo. Alifurahi kumwona. Alidhani Tekla amekuja kuwekeza.

"Dada, dhahabu ipo hapa hapa chini. Nipe wiki mbili. Au tufanye hivi, nikupe asilimia mbili ya shimo."

Tekla alichungulia lile shimo, akaona giza. Hakukubali asilimia mbili, ila alitoa karatasi kwenye mkoba akamwandikisha: mimi Saulo nimelipwa na Injinia Liberatus, mafundi wa lipu sijawalipa, nadaiwa. Saulo akasaini kwa kidole cha tope, alama ikakolea vizuri. Tekla akairudisha ile karatasi Iringa ameikumbatia njia nzima, akaipeleka moja kwa moja mezani kwa Liberatus.

Liberatus akaisoma mara mbili, akatabasamu. Akamwita katibu wake atoe kopi. "Dada, ahsante sana. Umenisaidia. Amekiri mwenyewe kwamba nimemlipa na kwamba deni ni lake." Akampa Tekla kopi, ile yenyewe akabaki nayo.

Nilicheka alipoanza kunisimulia hayo, nakiri. Halafu nikaona uso wake nikaacha.

Hapa inabidi niseme na jambo langu, ambalo silipendi. Mimi nilikuwa najua kitu. Mzee Muharami akija Iringa huwa anakaa dukani kwangu, tunaswali pamoja, tunakunywa kahawa. Siku moja kabla hosteli haijaanza alinieleza mkataba wake na Liberatus. Alisema ameweka kipengele kwamba mkandarasi mkuu anawajibika kwa kila anayefanya kazi kwenye jengo, hata kama ameletwa na mkandarasi mdogo, na kwamba hatalipa malipo ya mwisho mpaka aletewe barua iliyosainiwa kwamba hakuna anayedai. Aliwahi kuumizwa huko Mbeya, vibarua wa mtu mwingine walikuja kulala kwenye ghala lake. Kwa hiyo nilijua. Tekla naye alikuwa amepeleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa serikali, aliyempokea vizuri, akamjazia fomu, akamwambia shauri litapangiwa tarehe, na kwamba kama upo mkataba unaombana mkandarasi mkuu autafute. Mkataba aliokuwa anautafuta mimi nilikuwa nimeuhifadhi kichwani, na nilinyamaza. Liberatus alikuwa ananunua kwangu mifuko mia ya saruji kwa mkupuo, wakati Tekla ananunua mwiko mmoja kila baada ya miaka miwili.

Mke wangu, Naima, ndiye aliyenibana. Nilimweleza usiku mmoja, nikidhani atanipa pole. Akasema, "Kumbe unaiogopa mifuko ya saruji kuliko unavyomwogopa Mungu." Akageukia ukutani akalala. Mimi sikulala.

Kesho yake, kabla sijapata ujasiri, Bibi Apolonia akafariki. Alilala mchana, hakuamka. Ndoo zake za maharage zilikuwa bado ziko mbele ya duka langu, zimefunikwa khanga.

Tekla alilia, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana wapo waliosema alikwenda msibani kufanya biashara. Alilia kweli, mpaka akakaa chini. Katika miezi ile yote hakuwahi kumwambia bibi neno moja kuhusu hosteli. Nilimuuliza sababu. Alisema mtani unamsema babu yake, unamsema chakula chake, mtoto wake wa kumzaa humsemi. Kwa hiyo bibi alikufa akijua tu kwamba Mngoni wake anapita asubuhi na anamsumbua.

Msibani Liberatus aligawa kazi, kwa mazoea yake. Chakula akampa huyu, turubai yule, na kaburi akampa mpwa wake Adrian, mtoto wa dada yake, kijana wa mjini. Adrian akaja dukani kununua saruji. Kwao makaburi hujengewa kwa matofali ndani na kupigwa lipu, kisha jeneza likishashuka hufunikwa kwa mabamba ya zege. Akalipia saruji, akavuta zile noti nyingine mfukoni akazitazama kwa mapenzi.

"Mjomba amenipa zote mkononi," akaniambia. "Za vifaa na za mafundi. Unamjua fundi wa haraka?"

Ndugu zangu, shetani alinipitia, au malaika, sijui. Nikamwambia, "Mchukue Tekla. Mngoni, ni mtani wa marehemu. Hatakataa."

Hakukataa. Alikwenda na Zabron, wakajenga kutwa nzima. Mchana niliwapelekea maji ya kunywa makaburini, kwenye shamba la ukoo nyuma ya Kihesa. Adrian alikuwa amesimama juu, simu mpya mkononi, anawaambia kwamba watalipwa baada ya maziko kwa sababu mjomba bado hajatoa hela. Nilimsikia kwa masikio yangu. Tekla naye alimsikia, akanitazama mimi. Nadhani uso wangu ulisema kila kitu. Adrian alipoondoka nilishuka ukingoni nikamweleza Tekla yote, ya Adrian, ya mkataba, ya barua ya mwisho. Nikamwambia na kwamba Mzee Muharami ameshatoka Mbeya, kesho atakuwepo mazikoni.

Nilitegemea anitukane kwa kuchelewa. Akaendelea kulainisha ukuta wa kaburi kwa mwiko. "Nasri," akasema, "kesho uvae viatu vya kusimamia. Tutakaa sana."

Maziko yalikuwa saa nane mchana. Watu walijaa. Padri alikuwepo, kwaya ilikuwepo, Mzee Muharami kakaa mstari wa mbele na kofia yake nyeupe. Mafundi wa hosteli wote walikuwepo pia, kila mmoja kwa wakati wake, kama watu waliokuja kwa bahati. Jeneza likawekwa kando ya kaburi juu ya vigogo. Tekla akasogea kwa heshima, akasema anaomba akague lipu kidogo, akateremka kwa ngazi. Akaivuta ngazi ndani. Kisha akajilaza chali, mikono kifuani.

Watu wakacheka, hata kwaya. Mtani kulala kaburini ni jambo linalojulikana, unampa chochote anatoka. Liberatus mwenyewe akatabasamu, mara ya kwanza tangu mama yake afe, akatoa noti ya elfu kumi akaidondosha ndani. Noti ikaruka nje. Sauti ya Tekla ikafuata.

"Mwenye msiba ni nani?"

"Ni mimi, Liberatus."

"Nyumba hii ya bibi kajenga nani?"

Liberatus akachungulia. Nilimwona akishtuka, maana hakuwa anajua. "Umejenga wewe?"

"Mimi na Zabron. Hatujalipwa."

Liberatus akamgeukia mpwa wake. "Adrian, si nilikupa hela yote?" Adrian akawa anatafuta kitu kwenye viatu vyake. Liberatus akainama tena kaburini, akasema kwa upole, "Jamani poleni. Hela yenu nilimpa huyu."

"Basi sikudai wewe," akasema Tekla. "Sisi ni watu wa Adrian. Ninamngoja Adrian hapa hapa, pana ubaridi mzuri. Wewe endelea na usimamizi wako."

Wanaume walicheka mpaka wakashikana mabega. Padri alijifunika mdomo kwa kitabu. Liberatus hakucheka, maana aliyatambua maneno yake, na uso ukaanza kubadilika. Lakini mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umeshindwa, na ukoo wako unachekwa miaka kumi. Shangazi yake, Bertha, mama mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akajitokeza mbele.

"Liberatus. Aliyefiwa ni Adrian?"

"Hapana, shangazi."

"Watu hapa wamekuja kwa Adrian?"

"Hapana."

"Chakula kikipungua tutamsema Adrian?"

"Hapana, shangazi. Mtanisema mimi."

"Sasa mlipe mwenzio. Mama yako anangoja juani."

Liberatus akatoa hela, akahesabu, akainama akampa. Tekla akazihesabu tena, kwa sauti, akazipitisha juu kwa Zabron. Halafu akalala vilevile, mikono kifuani.

"Toka basi," akasema Liberatus.

"Hiyo ilikuwa ya kaburi. Imekwisha, ahsante. Bado ile ya hosteli, watu kumi na tisa, wiki nne."

"Tekla, ile ni ya Saulo..."

Alishalitamka ndipo akasikia alichosema. Watu wote wakaguna kwa pamoja, na nyuma mtu mmoja akasema, "Haya, na Saulo naye afiwe." Pale mbele Mzee Muharami akakohoa, akaondoa kofia, akaivaa tena. Ni mtu wa maneno machache.

"Injinia," akasema, "pole tena kwa msiba. Ila mwezi uliopita uliniletea barua umeisaini. Inasema kwenye jengo langu hakuna kibarua anayedai. Na mkataba wetu unasema walio chini ya Saulo ni wako. Nimesahau?"

"Hujasahau, mzee. Lakini nilishamlipa Saulo. Nitalipaje kazi moja mara mbili?"

Kwa dakika moja hapakuwa na aliyecheka. Mimi ni mfanyabiashara, lile swali lilinigusa. Mtu amelipa kwa haki, ameibiwa, na sasa anaambiwa atoe tena. Nilimwonea huruma, na nilimwona Tekla ameinua kichwa kidogo kaburini, naye anasikiliza. Aliyejibu alikuwa Bertha.

"Mwizi umemlipa mara moja. Hawa hujawalipa hata mara moja. Mara mbili iko wapi?"

Mzee Muharami akaongeza kwamba malipo ya mwisho bado anayo yeye. Injinia achague, awalipe mwenyewe, au yeye Muharami awalipe mafundi moja kwa moja na kumkata, na ile hosteli ya pili anayotaka kujenga huko Mbeya atampa mtu mwingine.

Liberatus akasimama pale, suti nyeusi, viatu vina vumbi, anatazama kaburi la mama yake lililokaliwa na mtu. Nilidhani atalipuka. Mdomo ukaanza kumtetemeka, nikaona ni kicheko kinakuja, kikaja kweli, akacheka kwa sauti, na katikati ya kicheko kikageuka kilio. Siku tatu zile hakuwa amelia. Alikuwa anagawa kazi tu. Akapiga magoti ukingoni, akalia kama mtoto wa mtu, maana ndivyo alivyokuwa.

"Mama angecheka," akasema. "Angecheka mpaka angeanguka."

"Angecheka," akajibu Tekla kutoka chini, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

Liberatus akajifuta uso kwa mkono wa koti, akatoa simu. Pesa ya simu ina kikomo chake kwa siku, kwa hiyo alisema atatuma nusu sasa hivi na nusu Jumatatu, Mzee Muharami akiwa shahidi. Tekla akauliza Jumatatu saa ngapi. Saa tatu. Tekla akauliza kama atoke Jumatatu hiyo hiyo saa tatu au atoke sasa. Bertha akamwambia asizidishe, akakubali kutoka mara ujumbe wa mwisho utakapoingia.

Ilichukua dakika arobaini. Mtandao wa pale shambani unakuja na kuondoka. Padri aliletewa kiti. Kwaya iliimba nyimbo zake zote, ikarudia, mwisho ikaanza kuimba za Krismasi. Zabron alisimama kando ya Liberatus akimsomea namba za simu moja moja kutoka kwenye daftari, kwa heshima zote. Na kila baada ya dakika mbili unasikia mlio wa ujumbe, mara kule kwenye migomba, mara nyuma ya kwaya, mara karibu na jeneza, na kila ukilia mwanamume mmoja anatazama simu yake, anavua kofia na kumpa pole Liberatus kwa uchungu mkubwa zaidi kuliko mwanzo. Wa mwisho ulilia kaburini.

Ngazi ikasimamishwa. Liberatus alimpa mkono, akamvuta, na mkono wa Tekla ukaacha alama ya saruji kwenye shati lake jeupe. Kabla ya kusogea Tekla aligeuka, akapapasa ukingo wa lipu juu ya pale alipokuwa amelala, akapata mahali kidole kimeingia kidogo, akapalainisha. Ndipo bibi akashushwa. Tulirusha udongo, sote, hata Adrian.

Jumatatu saa tatu hela iliyobaki ililipwa. Kwangu Liberatus aliacha kununua kwa miezi mitatu, nikavumilia, na Naima akaanza kunipikia pilau siku za katikati ya wiki. Nasikia Liberatus alikwenda mwenyewe Makongolosi kumdai Saulo, huko ndiko deni lilikostahili kwenda toka mwanzo. Alipewa asilimia mbili ya shimo.

Juzi hapa Tekla alipigiwa simu kutoka Nyololo, kule Mufindi barabarani, kuna maghala yanajengwa, wanataka lipu. Alituma ujumbe mchana: njooni, mimi nipo. Nilikuwa njiani kupeleka saruji huko huko, nikawapakia nyuma ya lori. Aliwahitaji kumi na wanane. Walikuja kumi na wanane wale wale, na yule kijana wa mtaani aliyesema watu watakula ukuta akaja pia, akiomba nafasi. Tekla alimwambia kuna nafasi ya kubeba zege.

Tulipofika, injinia wa pale alikuwa kijana nadhifu, kofia ngumu nyeupe, mstaarabu. Akatukaribisha, akaonyesha maghala. Akasema lipu ameshamkabidhi mkandarasi mdogo, atakuja wiki ijayo, mambo ya malipo wataelewana naye. Mafundi wakamtazama Tekla. Tekla akamtazama injinia kutoka juu mpaka kwenye viatu.

"Samahani, baba. Wewe kabila gani?"

"Mimi Mnyakyusa. Wa Tukuyu. Kwa nini?"

Tekla akawageukia watu wake. "Huyu si mtani wetu. Huku hakuna kaburi la kulala. Wekeni miiko chini, kwanza asaini yeye mwenyewe kwamba atatulipa."

Wakaiweka chini yote kwa pamoja, wakakaa juu ya matofali, hakuna aliyeuliza swali. Injinia alisubiri waondoke, hawakuondoka. Mwishowe akanigeukia mimi akauliza kama nina kalamu. Nilikuwa nayo.